Jiwe la Rangi Mbili na Nguvu za Muumba

Mwenyezi Mungu ameijaza ardhi maajabu mengi ili mwanadamu ayatazame, azingatie na kumtambua Aliyeyaumba. Qur'an Tukufu katika Sura Fatir inatuelekeza tuitazame milima na mistari yake ya rangi zinazohitilafiana, na mara baada ya hapo inaiunganisha elimu na kumcha Mungu. Lakini wako watu ambao, wakipata jiwe zuri, humsahau Muumba na kuanza kulitegemea jiwe.

Mfano mmojawapo ni kito kiitwacho ametrini. Kito hiki kina rangi mbili katika jiwe moja: upande mmoja ni zambarau kama amethisto, na upande wa pili ni manjano ya dhahabu kama sitrini. Chimbuko lake mashuhuri ni machimbo ya Anahí yaliyoko mashariki mwa Bolivia, karibu na mpaka wa Brazil. Inasimuliwa huko kwamba katika karne ya 17 Mhispania mmoja alipewa machimbo hayo alipomwoa Anahí, binti wa mtawala wa watu wa Ayoreo.

Elimu imekwisha kutueleza jiwe hili ni kitu gani. Ni aina ya kwatzi, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, vitu ambavyo vimejaa hata katika mchanga tunaoukanyaga. Ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10. Rangi zake zote mbili zinatokana na chuma kidogo sana kilichomo ndani yake. Kwa kuwa hali ya chuma hicho si moja katika sehemu zote za jiwe, macho yetu huona zambarau huku na manjano kule. Hakika hilo latosha kumfanya mwenye akili aseme Subhanallah!

Lakini wauzaji wa imani za mawe, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, hawakutosheka na uzuri huo. Wanadai kwamba upande wa manjano huvuta mali na kunoa fikra, na upande wa zambarau hutuliza moyo. Kwamba avaaye ametrini huondokewa na hofu na kuweza kuacha ulevi. Dai hili la ulevi ni la zamani. Wayunani ndio walioipa amethisto jina lenye maana ya kutolewa, wakiamini kwamba humkinga mnywaji.

Hebu tutumie akili tuliyopewa. Amethisto ikitiwa katika moto wa kadiri ya nyuzi 400 hadi 500, zambarau yake hupotea na mara nyingi hugeuka manjano. Sitrini nyingi ziuzwazo madukani zilipatikana kwa njia hiyo. Aidha, tangu miaka ya 1990 mafundi wa Urusi wamekuwa wakitengeneza ametrini katika mitambo, na si rahisi kuitofautisha na ile ya machimboni bila vyombo vya kitaalamu. Basi jiwe lisiloweza kuilinda rangi yake lenyewe mbele ya moto litawezaje kuilinda riziki ya mwanadamu? Na lile lililotoka mtamboni, ni nani aliyelitia baraka?

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Christopher French wa London alieleza matokeo ya jaribio ambalo baadhi ya watu walipewa mawe halisi ya kwatzi na wengine mawe ya bandia bila kujua. Makundi yote mawili yalisema yamehisi joto na msisimko. Ni dhahiri kwamba nguvu ile ilikuwa katika dhana zao, si katika jiwe.

Waislamu tulikwisha kufundishwa jambo hili zamani. Seyyidna Umar (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi katika Al-Kaaba alitangaza mbele ya watu kwamba anajua hilo ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, naye analibusu kwa kuwa alimwona Mtume Mtukufu (s.a.w.) akilibusu. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya jiwe lililomo katika nyumba ya kwanza ya ibada, seuze jiwe la dukani! Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivaa pete ya fedha, na ilikuwa muhuri wa barua zake, si hirizi.

Wapenzi wasomaji, tusiwacheke watu wa mbali. Hapa kwetu pia ziko pete za bahati na mawe ya kuvuta wateja, nazo huuzwa kwa bei kubwa kwa watu wenye shida. Mgonjwa huchelewa kwenda hospitali kwa kutegemea pete, na mfanyabiashara huacha kuchunguza hesabu zake akingojea jiwe limletee faida. Hasara ya fedha inaweza kufidiwa. Lakini moyo uliozoea kukitegemea kitu kisichosikia umeingia katika shirki.

Kujipamba kwa kito si kosa, wala biashara ya vito si haramu. Vijana wetu katika nchi hizi zenye neema ya madini na wajifunze elimu ya miamba, ili wajue thamani halisi ya walichonacho na wasidanganywe. Mwenye kuvaa na avae kwa ajili ya uzuri, na haja zake azipeleke kwa Yule aliyeliumba jiwe na rangi zake.

Mwenyezi Mungu atulinde na kila aina ya shirki, ya dhahiri na ya siri. Amin.