MAUZO NI YETU, DAFTARI NI LA NANI?

Na Mwenyeji wa Magamba

Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo waliwaambia wenye maduka na wenye mifugo. Leo nataka kuutumia kwa jambo ambalo wazee hawakuliona kwa macho, lakini wangelielewa mara moja kama tungewaeleza. Jambo lenyewe ni vijana wetu wanaouza mali za watu kwa njia ya simu, na wanaolipwa ujira wao kwa hesabu ambayo wao wenyewe hawaishiki.

Hapa Magamba, katika Manispaa ya Mpanda, kazi hii imekwisha kuingia. Kijana hana duka wala mtaji. Kampuni ya mbali humpa linki, yaani anwani ya bidhaa ndani ya mtandao, na katika linki hiyo imefichwa namba yake. Yeye huipeleka kwa jamaa zake, kwa wenzake aliosoma nao, na katika makundi ya WhatsApp ya mtaa na ya kanisa. Mtu akiibofya, simu yake huwekewa alama ndogo isemayo kwamba mteja huyu ameletwa na fulani. Akinunua, mashine ya kampuni huisoma alama ile na kumwandikia fulani kamisheni yake. Kazi ni ya halali, tena ni ya jasho. Kumshawishi mkulima wa mahindi atoe fedha yake anunue kitu asichokishika mkononi si mchezo.

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja alikuja nyumbani na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la karatasi, ameliandika mwenyewe. Humo mlikuwa na majina ya watu kumi na mmoja walionunua taa za jua kwa maneno yake, na taa hizo zimewaka majumbani mwao, mimi mwenyewe nimeziona. Daftari la pili lilikuwa ndani ya simu, ukurasa wa hesabu wa kampuni. Humo walikuwamo watu wanne tu. Alipouliza wale saba wamekwenda wapi, alijibiwa kwa maneno mawili: “Mfumo haujawaona.” Kampuni hiyo sitaitaja, kwani shabaha yangu si kampuni moja. Nataka tuulize, ndugu wananchi: ikiwa taa zimewaka na mfumo haujaziona, basi upofu ni wa nani na hasara ni ya nani?

Tuwe watu wa haki. Si kila mauzo yanayopotea yameibwa. Nimekaa na vijana hawa, nimewauliza kwa makini, na nimeona kwamba mali hupotelea mahali pengi.

Kwanza ni saa. Alama ile inayowekwa katika simu ya mnunuzi ina umri wake. Amazon ya Marekani, ambayo ilianza mpango wake wa namna hii mwaka 1996, humpa mleta mteja saa 24 tu tangu linki ilipobofywa, isipokuwa kama mteja ameiweka bidhaa katika kapu lake kabla saa hizo hazijakwisha. Kwa mtu wa mjini mwenye mtandao usiku na mchana, saa 24 ni nyingi. Lakini mtu wa kwetu huiona bidhaa leo, bando lake huisha jioni, hungoja auze gunia, na hununua siku ya tano. Siku hiyo alama imekwisha kufa. Mteja ni yule yule na maneno yaliyomshawishi ni yale yale, lakini aliyemleta hapati kitu.

Pili ni simu yenyewe. Mama huona bidhaa katika simu ya mwanawe, kisha hununua kwa simu ya mumewe. Mashine haijui ujamaa. Kwake hao ni watu wawili wasiojuana.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, ni desturi ya biashara ya nchi hii. Watu wetu wengi hawalipi ndani ya ukurasa wa duka. Huiona picha, huiona namba ya simu chini yake, hupiga, hupatana bei kwa mdomo, na hulipa kwa simu mzigo unaposafirishwa au unapofika. Tangu pale mnunuzi alipopiga simu, linki haina kazi tena. Mauzo yamefanyika nje ya macho ya mashine, na mwenye duka, akinyamaza, hubaki na kamisheni isiyo yake.

Nne ni mgongano wa waleta mteja. Mahali pengi sheria ya mchezo ni kwamba linki iliyobofywa mwisho ndiyo ilipwayo. Wewe utahubiri wiki nzima, mwingine atakuja dakika ya mwisho, atagusa tu, na kuchukua chote.

Tano ni bidhaa inayorudishwa au agizo linalofutwa. Hapo ni haki kamisheni ifutwe. Lakini lazima mtu aambiwe ni agizo lipi, limefutwa siku gani na kwa sababu gani. Kufuta bila kueleza ni sawa na kunyang'anya gizani.

Wapo watakaosema kwamba mashine haidanganyi. Mizani nayo haikuwa na ulimi, lakini baba zetu waliijua hila yake. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, zamani za mkoloni, walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Hawakuishia kulalamika vilabuni. Waliweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito, wakaunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Pamba ilikuwa yao tangu zamani. Walichokipata kwa umoja ni jicho lao juu ya mizani.

Na sisi wa Mpanda tunayo kumbukumbu yetu. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mabehewa yaliondoka yamejaa, na hesabu ya kilichomo ilishikwa na wenye mgodi. Mwananchi aliyechimba alijua uzito wa sururu yake tu. Na leo hii, muulize mkulima yeyote wa tumbaku katika Mkoa wa Katavi, atakuambia kwamba shamba ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kusimama pale tumbaku inapopangwa madaraja, kwa kuwa daraja ndilo bei. Basi kijana wa linki asidhani kwamba shida yake ni ngeni. Ni ile ile ya baba yake, imevaa shati jipya.

Tena tusidhani kwamba huko kwa wenye mitambo mikubwa mambo ni safi. Huko Marekani, mwaka 2008, kampuni ya eBay iliwashitaki baadhi ya mawakala wake wakubwa kwa kosa la kupandikiza alama zao kwa siri katika kompyuta za watu ambao hawakubofya linki yoyote. Kila mtu kati ya hao akinunua kwa hiari yake, wao walidai kamisheni. Wawili miongoni mwao walikiri makosa ya jinai na kuhukumiwa vifungo mwaka 2014. Na mwezi Desemba 2024 programu iitwayo Honey, ambayo PayPal ilikamilisha kuinunua mwaka 2020 kwa kiasi cha dola bilioni nne, ilituhumiwa kwamba mnunuzi anapokaribia kulipa, huiondoa alama ya aliyemleta na kuweka yake. Kesi zikafunguliwa. Ikiwa wasemaji wenye wafuasi mamilioni wanaweza kulia kwamba ujira wao umechukuliwa mlangoni, kijana wa Magamba mwenye wafuasi mia mbili atasalimika kwa kitu gani?

Lakini nasi pia tuna wajibu, tusije tukaonekana watu wa kulia tu. Vijana wengi hawana daftari lolote. Ukiwauliza mwezi huu wameleta wateja wangapi, hukuna kichwa. Mtu asiye na hesabu yake hawezi kubishana na hesabu ya mwingine, atapokea apewacho na kushukuru. Kila mmoja wenu anunue daftari leo, si kesho. Aandike siku aliyopeleka linki, bidhaa, siku mteja aliponunua, bei, na namba ya agizo. Mwisho wa wiki alilinganishe na ukurasa wa kampuni, mstari kwa mstari, na tofauti aiulizie upesi, kabla haijawa historia. Tena ayatunze majina na namba za wateja kama amana. Kuzitawanya ni kuvunja imani ya watu, na kunaweza kumtia mtu hatiani.

Kadhalika tutenganishe biashara na ulaghai. Wapo wanaokuja na maneno matamu ya kamisheni, kumbe hakuna bidhaa. Ukiona hesabu inahesabu vichwa vya watu uliowaingiza badala ya mali iliyouzwa, kimbia. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha upatu wa DECI, na watu wengi walikuwa wamekwisha kuweka fedha zao humo. Daftari la kweli la mauzo lina jina la bidhaa ndani yake.

Sasa tudai nini? Jibu liko mikononi mwetu kila siku. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mama muuza dagaa asiyejua Kiingereza anatuma na kupokea fedha bila hofu. Kwa nini? Kwa sababu fedha ikitoka, pande zote mbili hupata ujumbe papo hapo, wenye kiasi, saa na namba ya muamala. Wakala wa fedha naye huona kamisheni yake ikiandikwa. Hakuna anayeambiwa angoje mwisho wa mwezi ndipo aelezwe alichokifanya. Kama jambo hili linawezekana kwa fedha ya dagaa, halishindikani kwa kamisheni ya taa.

Kwa hiyo dai letu la kwanza ni hili: kila mauzo yatoe ujumbe kwa aliyeleta mteja, saa ile ile, wenye namba ya agizo na kiasi cha kamisheni. La pili: kila mleta mteja apewe neno au namba fupi ambayo mnunuzi anaweza kuitaja kwa mdomo anapopiga simu dukani, ili mauzo ya simu nayo yahesabiwe. La tatu: umri wa alama uandikwe wazi katika mkataba, kwa Kiswahili, na ulingane na maisha ya watu wanaongoja mavuno ndipo wanunue. La nne: agizo likifutwa, sababu itolewe kwa maandishi.

Madai haya si ya kuombaomba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, kwa hiyo ujumbe ulio katika simu yako si karatasi ya kufungia karanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zinazoshikwa na mwingine. Silaha zipo. Kinachokosekana ni watu wa kuzishika pamoja.

Na hapo ndipo nawageukia viongozi wa matawi ya Chama. Kijana mmoja akiandika barua kwa kampuni, barua hiyo hutupwa. Vijana hamsini wa Magamba, Kasokola, Kakese na Mpanda mjini wakiwa na ushirika wao, wenye daftari moja na karani mmoja wa kulinganisha hesabu, kampuni itajibu, kwa sababu vijana hamsini ni soko. Tawi lenye meza na kiti haliwezi kukosa Jumamosi moja kwa mwezi ya kuwafundisha vijana kusoma ripoti ya mauzo. Tumekwisha kuitisha mikutano kwa mambo madogo kuliko hili.

Wapo watakaosema hizi ni senti tu, taa saba, kamisheni ndogo, ya nini kelele? Nawajibu kwamba mkulima wa pamba naye aliibiwa ratili moja moja. Hakuna mnyonge aliyewahi kunyonywa kwa mkupuo. Mirija siku zote ni myembamba.

Jirani yangu yule hakukata tamaa. Amenunua daftari jipya, na juu ya jalada lake ameandika majina ya wale saba, ili asisahau. Nimemwomba alilete katika mkutano ujao wa tawi, na nawaomba wenzake nao waje na yao. Tukiyaweka mezani yote pamoja, tutajua ni nini hasa tunachokidai, na anayetudai tuthibitishe ataona kwamba tumekwisha kuhesabu.