Mwalimu aliyekesha na masanduku ya kura apewe siku yake

Leo tunaweka kando hina na vitambaa vya harusi (ingawa bibi harusi atatokea humu humu), tuwasemee wanawake wanaotukalia vituoni siku ya kura.

Tunaowajua sisi wengi ni watumishi wa Serikali: mwalimu wa skuli, karani wa ofisi, muuguzi. Wameomba wenyewe, wakahudhuria semina, wakala kiapo. Hatuandiki kwa ajili ya chama chochote, na mwenye kutafuta siasa atafute pengine. Tunachodai ni kimoja: mtumishi wa Serikali anayejitolea kusimamia kituo apewe likizo ya malipo kwa siku za semina na kwa kesho yake ya uchaguzi, bila kuguswa likizo yake ya mwaka.

Itazame siku yenyewe. Kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi, lakini yeye ameshafika tangu giza, maana sanduku lazima lioneshwe tupu mbele ya mawakala. Kinafungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa foleni saa hiyo bado ana haki yake ya kupiga kura. Baada ya hapo ndiyo kuhesabu, hapo hapo kituoni. Kwa upande wa Zanzibar peke yake kuna Rais, Mwakilishi na Diwani, mbali na Rais wa Muungano na Mbunge, na kila kura ina hesabu yake na fomu yake. Wakala wa huku anaishikilia karatasi moja iliyotiwa alama vibaya, wa kule hakubali, na taa yenyewe ya kubahatisha. Aliyepangwa Tumbatu au Kojani ana bahari ya kuvuka juu ya hayo yote. Na tangu 2020 tuna kura ya mapema, siku moja kabla, ambayo wasimamizi hupigia kura zao kwa sababu kesho yake watakuwa kazini. Mwaka ule ilikuwa 27 Oktoba, Jumanne, na uchaguzi wenyewe Jumatano.

Alhamisi je? Mkuu wa kazi mwenye huruma humwambia, "Bibi wee, nenda kalale." Asiye nayo huandika utoro. Msomaji wetu mmoja, mwalimu aliyekuwa keshaposwa, alikatiwa siku za semina kwenye likizo yake ya mwaka, ile ile aliyokuwa akiitunza kwa harusi. Fungate ya siku saba ikawa ya siku nne. Mumewe alicheka, mama mkwe hakucheka. Uchaguzi uliofuata hakuomba tena.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi sote. Mwanamke aliyevaa nikabu akifika kituoni, sura yake lazima ilinganishwe na picha iliyo kwenye daftari. Akimkuta ofisa wa kike, wanasogea pembeni, anafunua, anafunika, basi. Akiwakuta wanaume watupu itakuwaje? Wako watakaorudi nyumbani kimya kimya na kadi zao mkobani, wala hatawahesabu mtu. Mama mwenye mtoto mchanga kifuani, bibi asiyesoma anayehitaji kuelekezwa, wote hawa humtazama mwanamke mwenzao kwanza. Hata bibi harusi mwenye piko hadi kuchani huuliza wino wa kura utapakwa wapi, na swali hilo humuulizi kaka wa watu.

Tunajua jibu litakalokuja: posho wanalipwa, likizo ya nini tena? Posho ni ujira wa kazi ya kituoni, tena wengine huingoja hadi wachoke, na sote tumefundishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Usingizi ni kitu kingine. Mwalimu aliyetoka kituoni alfajiri hawezi kusimama mbele ya watoto hamsini saa mbili baadaye akafundisha chochote cha maana, na akiwa ananyonyesha ndiyo kabisa. Ukimlazimisha, Serikali inalipa mshahara wa siku ambayo hakuna aliyefundishwa.

Wala si wazo la ajabu. Marekani, mwezi Machi 2022, watumishi wa serikali kuu waliruhusiwa kuchukua hadi saa nne za malipo kwa mwaka ili wasimamie vituo bila upande. Kwa maoni yetu saa nne ni chache mno, hazifiki hata adhuhuri. Lakini kanuni iliandikwa, na mtumishi hakubaki kumbembeleza bosi.

Ya kwetu inaweza kuwa fupi. Barua ya Tume ya Uchaguzi inayotaja siku za semina na kituo alichokaa mtu ipelekwe kwa mwajiri wake, naye alazimike kumpa siku hizo na siku moja ya mapumziko, kwa mshahara kamili. Kwa aliyevuka bahari ziwe mbili. Skuli ijulishwe mapema ipange mwalimu wa kushika darasa. Ni jambo la mara moja katika miaka mitano, gharama yake haitaiangusha hazina.

Uchaguzi ujao ni 2030, na kanuni za utumishi hazibadilishwi wiki ya mwisho. Mwenye Mwakilishi anayepokea simu ampigie sasa. Na nyie mnaopanga harusi za mwezi Oktoba mwaka huo, muulizeni kwanza somo wenu kama hajaomba kukaa kituoni.