FUNDI WA NYUMBANI: Chujio la Petroli na Sigiri ya Jikoni

Askari atokaye zamu ya usiku huiwasha pikipiki yake, nayo huitika mara moja. Huenda nayo kilomita mbili tatu bila taabu. Lakini aanzapo kupanda mlima, injini hulegea, hukohoa, kisha huzima. Akikaa kando ya njia kwa dakika chache, pikipiki huwaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote. Na baada ya mwendo mfupi huzima mara ya pili. Katika milima ya Kabale au Kapchorwa jambo hilo ni taabu. Katika njia ndefu za Karamoja, jua likiisha kutua, ni hatari.

Mara nyingi mkosaji ni kitu kidogo kama kidole gumba, nacho ni chujio la petroli, ambalo mafundi wengi huliita filta. Katika pikipiki nyingi zenye kabureta, chujio hilo limo katikati ya mpira utokao kwenye koki ya tangi kwenda kwenye kabureta. Likiziba kwa uchafu, petroli hupita matone kwa matone. Pikipiki isimamapo, matone hayo hupata nafasi ya kuijaza bakuli ya kabureta, na ndiyo sababu injini huwaka tena. Mlimani, injini hunywa upesi kuliko chujio linavyotoa, bakuli hukauka, na safari hukoma.

Uchafu huo hutoka mahali pengi. Petroli iuzwayo kwa chupa kando ya barabara huweza kuwa na mchanga au maji. Tangi liachwalo nusu tupu kwa muda mrefu hufanya jasho ndani, na jasho huzaa kutu. Vumbi nalo huingia kila mfuniko ufunguliwapo.

Kabla ya kununua chujio jipya, yafaa kuujaribu mfuniko wa tangi. Mfuniko una tundu dogo la kupitishia hewa. Tundu hilo likiziba, petroli hukataa kushuka, na dalili zake ni zile zile za chujio bovu. Injini ikizima, mfuniko ufunguliwe mbali na moto. Kama hewa itasikika ikivutwa ndani, na pikipiki ikaenda vizuri baada ya hapo, basi ugonjwa umo katika mfuniko, wala si katika chujio.

Wako wenye pikipiki ambao, kwa kukosa subira, hulitoa chujio na kuuacha mpira mtupu. Hiyo ni akiba ya mjinga. Tundu la jeti ya mwendo wa polepole ndani ya kabureta aghalabu halifiki hata nusu milimita. Punje moja ya kutu yatosha kuliziba. Tena punje hiyo yaweza kuishikilia wazi sindano ya boya, na petroli ikafurika juu ya injini yenye moto. Chujio, basi, hulinda injini na nyumba pia.

Kazi ya kulibadilisha ni nyepesi, na mtu aweza kuifanya mwenyewe bila kumlipa fundi. Jambo zito ni mahali pa kuifanyia. Mathalani koplo aliyepumzika Jumapili huiingiza pikipiki barazani, hatua tatu tu kutoka kwenye sigiri ya mkaa. Mkewe humwambia, "Baba Watoto, moto unawaka hapa. Peleka kazi hiyo nje." Naye hujibu, "Mama, ni kazi ya dakika tano tu."

Mama huyo ndiye mwenye haki. Petroli hutoa mvuke uwezao kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse katika joto la mchana. Mvuke huo hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini sakafuni, hupita chini ya mlango, na kuufuata moto ulipo. Katika kambi ambamo nyumba za askari zimesongamana, moto wa mlango mmoja huwa moto wa safu nzima.

Kwa hiyo kazi na ifanywe uwanjani, mchana, mahali penye upepo, mbali na sigiri, sigara, koroboi na mshumaa. Watoto wakae mbali. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, au kizimamoto cha unga. Maji yasimwagwe juu ya petroli iwakayo, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kuusambaza moto. Injini iwe imepoa kabisa, na ufunguo uwe umetolewa.

Vifaa ni vichache: plaizi, bakuli ya bati, kitambaa kikavu, na chujio jipya. Lililo bora ni kwenda dukani na chujio la aina ile ile mkononi au kutaja aina ya pikipiki, ili miguu ya chujio ilingane na tundu la mpira. Kisha kazi huenda hivi:

Kwanza, koki ifungwe. Katika pikipiki ambazo koki yake haina alama ya kufunga, bali hufunguliwa kwa mvuto wa injini, koki iachwe kwenye ON, wala isigeuzwe kwenye PRI, kwa maana hapo petroli hushuka bila kizuizi.

Pili, bakuli iwekwe chini ya chujio. Klipu zibanwe kwa plaizi na kusogezwa nyuma. Mpira uzungushwe polepole hadi uachie. Usivutwe kwa nguvu, maana mguu wa plastiki wa kabureta au wa koki huvunjika upesi. Petroli kidogo itamwagika bakulini.

Tatu, mpira wenyewe ukaguliwe. Ukiwa mgumu au una nyufa, ubadilishwe kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa kawaida wa maji haufai.

Nne, chujio jipya litiwe. Kama lina alama ya mshale, mshale uelekee kwenye kabureta, ndiko petroli iendako. Klipu zirudishwe mahali pake, mpira usipindike, wala chujio lisiguse injini wala bomba la moshi.

Tano, koki ifunguliwe, na kila kiungo kitazamwe kwa dakika tano. Kitambaa kikavu kipitishwe chini. Kikilowa, klipu haijashika. Chujio likionekana halijajaa hadi juu, mtu asifadhaike, maana hewa kidogo ndani yake ni ya kawaida ikiwa petroli yapita. Petroli iliyomwagika ifutwe na kuachwa ikauke, ndipo injini iwashwe.

Kazi haijaisha hapo. Petroli iliyobaki bakulini isitiwe katika chupa ya soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Wala isimwagwe mtaroni au kutumika kuwashia mkaa. Ihifadhiwe katika jerikani yake yenye alama, nje ya nyumba ya kulala. Kitambaa kitandazwe nje mpaka kikauke. Mtu aliyerukiwa na petroli avue nguo hizo na kunawa kwa sabuni kabla ya kusogelea jiko. Wala asiinyonye petroli kwa mdomo ili kuivuta kutoka tangini. Ikiingia mapafuni huyadhuru vibaya. Mtoto akiinywa, asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja.

Chujio la karatasi likichakaa litupwe. Halifuliwi wala halipulizwi ili litumike tena. Wavu mdogo ulio ndani ya koki za pikipiki nyingine, huo huweza kusafishwa kwa brashi laini. Na chujio jipya likijaa kutu baada ya siku chache, lawama si yake: tangi ndilo lihitajilo kuoshwa.

Yako mambo mawili yasiyofaa kufanyiwa nyumbani. Pikipiki zisizo na kabureta, zenye pampu ya petroli ndani ya tangi, husukuma petroli kwa nguvu kubwa. Kuufungua mpira wake ovyo huirusha petroli usoni. Hizo ni za fundi. Na pikipiki ya serikali, hata ikiwa chujio lake lataka dakika tano tu, irudishwe karakana ya kikosi, ili matengenezo yaandikwe na dhamana ijulikane.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Chujio ni ufa mdogo wa pikipiki, na bei yake ni ndogo kuliko ya kabureta. Lakini koplo aliyemsikiliza mkewe akaihamishia kazi uwanjani ameokoa zaidi ya kabureta: jioni sigiri itawaka kama kawaida, chakula kitapakuliwa, na jamaa wote watalala salama.