IMANI IPIMWE MLANGONI KWA JIRANI

Nyumba ya kupanga ya Tandale haina siri. Vyumba hutazamana ukumbini, choo ni kimoja, ua ni mmoja, na kikohozi cha mpangaji wa chumba cha mwisho husikika hadi barazani. Mkristo na Mwislamu, mwalimu, karani na mchuuzi wa nafaka wa sokoni hulala chini ya bati moja. Hapo ndipo imani ya mtu inapopimwa, wala si pale anapovaa joho la kwaya siku ya Jumapili.

Mwaka 1976 Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaamua kwamba ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo upewe nafasi ya kwanza. Shabaha ilikuwa njema: waumini wanaokaa jirani wasali pamoja na wajue nani mgonjwa, nani mjane, nani hana unga. Kwa Watanzania wazo hilo halikuwa geni. Tangu miaka ya 1960 TANU ilikuwa imekwisha kuwapanga wananchi katika nyumba kumi kumi, kwa kutambua kwamba uongozi usiomfahamu mtu kwa jina na kwa shida zake ni uongozi wa makaratasi.

Lakini chombo chema huweza kutumiwa vibaya. Mahali pengine jumuiya imegeuka daftari la mahudhurio. Husikika malalamiko kwamba marehemu amekosa sala ya maziko kwa kuwa hakuonekana jumuiyani, au hakutoa michango. Watetezi wa utaratibu huo husema kuwa bila nidhamu hakuna ushirika. Hoja hiyo ina uzito, kwani umoja haujengwi na wategeaji. Hata hivyo haijibu swali moja: marehemu huyo alipotoweka miezi sita, nani alibisha hodi kumwuliza kulikoni? Mlinzi wa usiku, mama lishe na mgonjwa wa siku nyingi hawana asubuhi ya kwenda kuhesabiwa. Msamaria wa Injili hakumwuliza majeruhi kama ameandikishwa.

Wala sadaka pekee haitoshi. Mwezi Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, alilitaka Kanisa lisiishie kuwahurumia maskini, bali lishirikiane nao kupambana na mifumo inayowafanya wawe maskini. Maana ya maneno hayo Tandale ni wazi. Kumpelekea jirani sahani ya wali baada ya mafuriko ni wema. Kuzibua naye mtaro kabla ya masika ni wema uliokomaa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Kinondoni. Maji ya Mto Ng'ombe hayaulizi dini ya mwenye nyumba, na maradhi hayasomi cheti cha ubatizo. Basi huduma nayo isiulize. Mfano upo katika jiji hilihili, Temeke, ambako PASADA ilianzishwa mwaka 1992 chini ya Jimbo Kuu Katoliki kuwahudumia wenye virusi vya UKIMWI, enzi ambayo wengi walikimbiwa hata na ndugu zao. Haikuwabagua wagonjwa kwa dini zao.

Wajibu huu unawahusu hasa walimu na watumishi wa umma wanaoishi katika mitaa hiyo. Wao ndio wanaojua kuandika barua kwa afisa afya, kumwelekeza mjane afuatilie mirathi, na kumtambua mtoto aliyeacha shule kwa kukosa daftari. Elimu hiyo ilitokana na jasho la wananchi. Msomi anayefunga mlango wake saa kumi na mbili, kisha akaongoza ibada Jumapili, amelipa nusu tu ya deni.

Shina la Chama na jumuiya ya Kanisa hukutana katika kizingiti kilekile. Hapana budi zishike jembe moja, pamoja na majirani wa msikitini. Anayetaka kujua kama Mkristo huyu ni Mkristo kweli, asiende kumwuliza padri. Amwulize mpangaji wa chumba cha pili.