LAPTOP YA STAA NZITO, FUNDI ANASINGIZIWA BURE!

Staa mmoja wa Bongo Fleva analia eti laptop nzito, na sasa akaunti yake yenye wafuasi kibao imeibiwa. Lawama zote kwa fundi. Jamani! Kila programu ya bure anabonyeza "Next, Next" bila kusoma. Ile ekstensheni ya kushusha video kaipa mwenyewe ruhusa ya kusoma kila ukurasa anaofungua, hapo usalama uko wapi?

Dawa ndogo tu: abonyeze Ctrl+Shift+Esc, aende Startup, azime asivyovitumia. Kwenye Chrome aandike chrome://extensions, aondoe asizozijua, NDIPO abadilishe neno la siri. Akianza na neno la siri, mwizi bado yumo ndani. Wadau, fundi ana kosa gani hapo?