Haiti Bila Haiti

Kulikuwa na njia moja ya kwenda Haiti bila kufika Haiti: kupanda meli ya kitalii.

Siku yenyewe ilikuwa ikienda hivi. Nimetazama video zake nyingi YouTube, na zote ni kama zimepigwa na mtu mmoja. Asubuhi meli inafunga gati Labadee, pwani ya kaskazini ya Haiti, si mbali na mji wa Cap-Haïtien. Abiria anashuka na taulo ya meli begani na kadi ya meli shingoni. Anateleza kwenye ziplaini juu ya bahari huku akipiga mayowe. Mchana anakula nyama choma na baga zilizotoka jikoni mwa meli, akipakuliwa na wafanyakazi wa meli. Anapita sokoni, anashikwa mkono na muuza vinyago, anaona ni usumbufu, anarudi kwenye kiti chake kivulini. Jioni meli ing'oe nanga. Kesho kisiwa kingine. Na kwenye orodha ya nchi alizotembelea, anaweka alama kando ya Haiti.

Haiti gani hiyo, jamani?

Labadee ni rasi iliyozungushiwa ua. Kampuni ya Royal Caribbean imeikodi kutoka kwa serikali ya Haiti tangu miaka ya 1980. Abiria hakutoka nje ya ua, na Mhaiti asiye na kibali hakuingia. Kijiji halisi cha karibu kinaitwa Labadie. Kwenye jina la kampuni hata tahajia imebadilishwa. Kwa miaka mingi matangazo hayakutaja Haiti kabisa. Yaliandika Hispaniola, jina la kisiwa kizima ambacho Haiti inagawana na Jamhuri ya Dominika, kwa hivyo kuna watu walioogelea kutwa nzima bila kujua wako nchi gani.

Na ufukwe mmoja pale ndani unaitwa Columbus Cove. Hebu fikiria hilo. Ni huku kaskazini ambako watumwa waliasi mwaka 1791. Wakalipiga jeshi la Napoleon, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Kisha wakajenga Citadelle, ngome kubwa juu ya mlima, kumsubiri Mfaransa akijaribu kurudi. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1982. Mgeni wa Labadee yuko karibu na ngome hiyo kuliko atakavyowahi kuwa tena maishani, lakini haipo kwenye siku yake. Watu waliojikomboa wenyewe wamefichwa nyuma ya ua, na aliyekuja kuwateka wenyeji amepewa ufukwe.

Sasa tuje mwaka 2010. Tarehe 12 Januari tetemeko liliiangusha Port-au-Prince. Maiti zilikuwa bado chini ya vifusi wakati meli ya Independence of the Seas ilipofunga gati Labadee tarehe 15, siku tatu tu baadaye. Watu wakaogelea. Nyama ikachomwa. Baadhi ya abiria walikataa kushuka, wakisema chakula hakitapita kooni. Kampuni ikajibu kwamba meli ilibeba misaada na kwamba Wahaiti walihitaji kazi na pesa kuliko wakati mwingine wowote.

Hoja hiyo si ya kijinga, na siwezi kuitupa. Mama anayeuza shanga sokoni asingefaidika na aibu ya mtalii aliyejifungia chumbani. Meli isingetia gati, angelala njaa. Lakini swali langu ni lingine. Mahali pamejengwa vipi, hadi nchi nzima inaanguka na ratiba ya siku haihitaji kubadilika hata kidogo? Jibu ni kwamba pamejengwa kwa kusudi hilo hilo. Nyama inatoka melini. Bia inatoka melini. Mlinzi yuko langoni. Haiti ikiinuka au ikianguka, ziplaini inateleza.

Najua utaniambia, "Zii, acha maringo, si wanaleta pesa?" Sawa, tuhesabu pesa.

Royal Caribbean ina makao yake Miami, lakini kisheria imesajiliwa Liberia. Ndiyo, Liberia yetu hii ya Afrika Magharibi. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 na inayoweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, inapeperusha bendera ya Bahamas. Carnival, mshindani wake mkubwa, kwa miaka mingi ilikuwa imesajiliwa Panama. Huu ni mpango, wala si bahati mbaya: unaondoka na abiria Florida, unajisajili kwingine, na kodi ya mapato inabaki kiduchu. Bandarini nako, kisiwa kinapokea dola chache kwa kichwa. Abiria akinunua matembezi melini, meli inakata fungu lake nono kabla ya dereva wa kisiwani kuona senti. Hata maduka mengi ya vito anayoelekezwa yamelipia kutajwa.

Kisiwa kikijaribu kuongeza bei je? Mwaka 1999 Grenada ilidai dola 1.50 kwa kila abiria, pesa za kushughulikia taka. Dola moja na nusu, bana, hata soda ya melini hainunui. Carnival ikakataa, ikaacha kupeleka meli zake huko. Visiwa vingine vikaona, vikanyamaza. Meli ina magurudumu, tuseme, kisiwa hakina. Na si visiwa vidogo tu. Desemba 2024 bunge la Meksiko lilipitisha ada ya dola 42 kwa abiria wa meli. Kampuni zikapiga kelele, wakakaa mezani, na ada ikaanza Julai 2025 ikiwa dola 5. Kama Meksiko, nchi ya watu zaidi ya milioni 120, inashushwa hivyo, Grenada ingefanya nini peke yake?

Kisha kuna sisi Wakenya, ambao tuliingia kwenye hadithi hii kwa mlango mwingine. Machi 2024, magenge yalipoizidi nguvu Port-au-Prince, Royal Caribbean ilisimamisha safari za Labadee. Tarehe 25 Juni 2024, kundi la kwanza la polisi wetu, kama 200 hivi, likatua Port-au-Prince. Siku hiyo hiyo polisi wenzao walikuwa wakiwapiga vijana risasi nje ya Bunge la Nairobi. Mwenye meli alikuwa na uhuru wa kugeuza usukani na kwenda Bahamas. Sisi tukatumwa, na wengine wetu wakarudishwa kwenye majeneza.

Tangu hapo, Mkenya wa kawaida akisikia Haiti anawaza bunduki. Mtalii wa Labadee akisikia Haiti anawaza ziplaini, kama amewahi kuambiwa ni Haiti. Mmoja ameonyeshwa jehanamu, mwingine ameonyeshwa kibao cha mnazi na jua. Hakuna kati yetu aliyeonyeshwa watu: wanaosoma, wanaobishana siasa, wanaopika supu ya maboga kila tarehe 1 Januari kwa sababu inasemekana mabwana waliwakataza watumwa kuinywa. Ua ule wa Labadee umefanya kazi hadi vichwani mwetu, na sisi hata hatujapanda meli.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na hili halinipi usingizi. Bandari ya Kilindini tayari ina jengo la kupokelea abiria wa meli za kitalii, na kila meli inapotia nanga viongozi wanapiga picha na ngoma zinapigwa. Mjomba wangu aliuza vinyago karibu na Fort Jesus miaka mingi. Siku ya meli aliamka alfajiri, akapanga twiga wake kwa safu. Mabasi yalipita na vioo vimefungwa, kwa sababu duka la kusimama lilishapangwa. Alikuwa akisema mgeni wa meli ni kama wingu la Januari: unaliona, hulinyeshewi. Na huku kwetu vichochoro vya kwenda bichi vinazibwa mwaka baada ya mwaka, ukuta baada ya ukuta. Hatuhitaji mtu wa Miami atufundishe kujenga ua. Tumeanza wenyewe.

Kwa hivyo sisemi meli zisije. Nasema zije kwa masharti, na masharti yaandikwe kabla ya gati, maana baada ya gati tutakuwa tunaomba. Kwanza, hakuna kukodisha ufukwe hadi mwananchi ahitaji kibali kukanyaga mchanga wake. Pili, ada iwe moja kuanzia Mombasa, Zanzibar hadi Dar es Salaam, asije mtu akatuchezesha kama walivyochezeshwa Grenada na majirani zake. Tatu, chakula cha mchana kiliwe mjini. Kama abiria ana saa nane tu, basi moja aitumie kwenye meza ya mama ntilie, akitokwa jasho kama sisi.

Kampuni zitasema mgeni hataki hayo, anataka usalama na kiti kivulini. Huenda ni kweli. Basi asije kwetu. Kiti na kivuli viko melini, na bahari haina ubaguzi, ataiona ile ile. Lakini akisema amefika Kenya, awe amefika.