Sofa ya ngozi: soma neno la pili kwenye lebo kabla hujatoa hela

Vitu vinavyokula akiba za watu wetu hapa Stockholm ni vingi, na sofa ni kimojawapo. Mtu anafanya usafi au anabeba zege miezi kadhaa, halafu anataka sebule yenye sofa ya ngozi, mgeni akiingia aone kazi imezaa kitu. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kulipa bei ya ngozi ukaletewa plastiki, tena kwa mkopo.

Msimamo wangu ni huu: kama huna hela ya ngozi nzuri mpya, nunua ngozi nzuri iliyotumika, au nunua ya kitambaa. Ile ya katikati, inayong'aa kama ngozi na kuuzwa bei ya kati, ndiyo inayokula hela zaidi.

Tuanze na lebo. Kiswidi kina maneno mawili ya ngozi, "skinn" na "läder". Yote ni ngozi ya mnyama. Ila tazama neno lililoungana nayo. "Konstläder" au "konstskinn" ni bandia, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki, mara nyingi ile inayoandikwa PU. "Bondat läder" ni mabaki na vumbi la ngozi vilivyosagwa, vikagandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. "Spaltläder" ni ngozi ya kweli, lakini ni tabaka la chini lililobaki baada ya ngozi nene kupasuliwa. Nguvu ya ngozi iko tabaka la juu, ambako nyuzi zimeshikana. Hilo huitwa "narvläder", na ndilo la kulilipia.

Neno lingine la kulijua ni "slitytor", yaani sehemu zinazosuguliwa: kikalio, mgongo na mikono. Sofa nyingi zina ngozi sehemu hizo tu, ila ubavuni na nyuma ni bandia. Si wizi kama imeandikwa wazi, na kwa bajeti yetu inaweza kuwa chaguo zuri. Wizi ni muuzaji anayekwambia "yote ngozi" huku karatasi inasema vingine. Amini karatasi.

Sasa rangi. "Anilin" ni ngozi iliyotiwa rangi bila kufunikwa juu. Ni laini na ghali, lakini juisi ya mtoto ikimwagika inaingia ndani. "Pigmenterat" imepakwa rangi inayoziba vitundu, unapangusa na kitambaa chenye unyevu basi. Mwenye watoto achukue hiyo, asione aibu.

Dukani acha mambo ya kiberiti na matone ya maji. Ngozi ya pigmenti haifyonzi maji, na bado ni ngozi. Fungua zipu ya mto utazame upande wa ndani: ngozi ina manyoyamanyoya kama suede, bandia ina kitambaa kilichofumwa. Kwa sofa iliyotumika, kagua pale watu wanapokaa. Ngozi ikizeeka inachubuka na kupata mikunjo. Bandia inabanduka vipande kama rangi ya ukuta mbovu, na hiyo haina fundi.

Hesabu sasa. Tuseme bandia mpya ni krona 6,000 na inadumu miaka minne. Hiyo ni 1,500 kwa mwaka. Tuseme ngozi iliyotumika umeipata Blocket kwa 4,000, usafiri 800, na inadumu miaka kumi. Hiyo ni 480 kwa mwaka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, ila rahisi inayovunja hapa ni ile mpya inayong'aa. Ukiongeza "delbetalning" ndiyo umemaliza kabisa. Kabla hujasaini, usiangalie kiasi cha kila mwezi, tafuta "effektiv ränta" na jumla utakayolipa.

Faida moja ya dukani ni sheria. Sheria ya ununuzi ya Sweden iliyoanza Mei 2022 inakupa miaka mitatu ya kulalamikia kasoro, na kwa miaka miwili ya kwanza muuzaji ndiye wa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Akikataa, peleka malalamiko ARN, ni bure. Kwa hiyo tunza "kvitto" na picha ya lebo. Ukinunua kwa mtu binafsi kinga hiyo huna, kwa hiyo kagua sawasawa kabla hujalipa.

Wengine mnataka kupakia sofa kwenye kontena hadi Dar au Mombasa. Hapo nawaomba mshike kalamu. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni 35%, na fanicha zimo. Tuseme sofa ni 9,000, usafiri na bima 4,000. Ushuru unahesabiwa kwenye 13,000: ni 4,550. VAT ya Tanzania ya 18% inakuja juu ya yote hayo: 3,159. Umefika krona 20,709, bado gharama za bandari. Anayehama moja kwa moja na vyombo vyake alivyovitumia ana utaratibu wake, aulize forodha kabla ya kufunga mzigo.

Na kama sofa hiyo ni bandia, joto na unyevu wa pwani vinaivunja ile plastiki haraka kuliko hapa. Unaituma Tanga ikiwa mpya, ukienda likizo unaikuta inapukutika. Ngozi yenyewe nayo huota ukungu nyumba ikifungwa muda mrefu, lazima awepo wa kuipangusa na kufungua madirisha. Kwa nyumba ya kule, naona hela ifanye kazi zaidi kwa fundi wa Keko au Gikomba: fremu ya mbao ngumu, sponji nzito, kitambaa kizuri kinachovulika kikafuliwa.

Ndugu zangu, mgeni akikaa hataulizia bei. Atakachoona baada ya miaka mitano ni kama sofa bado imeshika. Nunua kwa ajili ya mwaka huo wa tano.